Filta Hujulikana Inapolemewa

Ngoma ikipigwa ng'ambo ya bonde pale Mtae, katika milima ya Usambara, kinachomfikia msikilizaji aliye kilomita mbili mbali si ngoma nzima. Mpasuko wa kiganja juu ya ngozi hupotea njiani, mdundo hubaki. Upotevu huo umepimwa na wataalamu wa sauti na kuwekwa kwenye majedwali. Katika hewa ya nyuzi joto 10 yenye unyevu wa asilimia 70, hali isiyo ngeni asubuhi katika milima hiyo, sauti ya hezi 125 hunyonywa desibeli 0.4 tu kwa kila kilomita. Ya hezi 1,000 hunyonywa desibeli 3.7, ya hezi 4,000 desibeli 32.8, na ya hezi 8,000 desibeli 117, yaani haifiki kabisa. Hapo hatujahesabu upungufu wa kawaida wa sauti kutawanyika. Hewa yenyewe, basi, ni filta: hupitisha besi na kuzuia trebo, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo inavyobanwa zaidi.

Lakini filta hii ya hewa haina tabia. Mpigaji akipiga polepole au kwa nguvu, sehemu inayokatwa kwa kila hezi ni ileile. Hainyanyuki, haikwaruzi, hailii. Hubana tu.

Filta ya sinthesaiza ya analogi nayo hukata trebo, na mchoro wake kwenye karatasi hauna maajabu. Hata hivyo wapigaji husikiliza filta mbili zenye mchoro unaokaribia kufanana, moja wakaiita nene na nyingine kali, na wakawa na uhakika kiasi cha kuzitofautisha wakiwa wamefumba macho. Swali la tofauti hiyo inatoka wapi limepata uzito zaidi tangu Mjerumani Dieter Doepfer alipotoa mfumo wake wa A-100 mwaka 1995. Katika sinthesaiza za moduli za aina hiyo kila kifaa hukaa peke yake: osileta inayotoa wimbi, filta, amplifaya. Mpigaji huviunganisha kwa nyaya fupi apendavyo, hivyo filta za watengenezaji kumi zinaweza kukaa ndani ya sanduku moja zikilishwa wimbi moja. Tofauti ikisikika hapo, hakuna kitu kingine cha kusingizia.

Msimamo wangu ni huu: tabia ya filta haipatikani katika kiasi inachokata. Huonekana pale filta inapopewa zaidi ya inavyoweza kubeba, pale inapojisikiliza yenyewe, na katika mwendo wake wa kufunguka na kufunga. Kwa masikio ya Afrika Mashariki, hayo matatu si mambo mageni.

Misingi tuipitie haraka. Wimbi la msumeno lina hamoniki zote: ya pili ina nusu ya ukubwa wa ile ya kwanza, ya tatu theluthi, na kuendelea hivyo. Wimbi la mraba lina zile za namba witiri tu. Filta rahisi kuliko zote ni rezista moja na kapasita moja. Zidisha thamani zake, zidisha tena kwa 6.28, kisha gawanya moja kwa jibu hilo. Rezista ya ohm 10,000 na kapasita ya nanofaradi 10 huweka mpaka kwenye hezi 1,592 hivi. Juu ya hapo sauti hushuka desibeli 6 kwa kila oktava. Hatua nne zikifuatana, 24. Katika sinthesaiza mpaka huo husogezwa na volteji, na volteji inaweza kutoka kwenye kidole, kwenye mashine ya kupigia mahadhi au kwenye osileta nyingine. Hadi hapa bado tuko kwenye filta ya hewa, ila hii inasogezeka.

Mambo hubadilika tunapofika kwa Robert Moog. Mmarekani huyu aliwaeleza wahandisi wenzake filta yake mwaka 1965, na hataza ikatolewa mwaka 1969. Alipanga jozi za transista moja juu ya nyingine, na kati ya kila jozi akaweka kapasita. Transista mbili za jozi hugawana mkondo mmoja. Tofauti ya volteji kati yao ikiwa milivolti chache, mgawanyo hufuata wimbi kwa uaminifu. Ikipita milivolti 26 au zaidi kidogo, upande mmoja unakuwa umeshabeba sehemu kubwa ya mkondo na nyongeza inakosa pa kwenda. Vilele vya wimbi huanza kuviringika, na kila kilele kilichoviringwa huzaa hamoniki mpya ambazo osileta haikuzitoa.

Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba hamoniki zinazozaliwa chini ya ngazi hulazimika kupanda hatua zilizobaki, na hatua hizo huzichuja. Filta hujichafua, kisha hujisafisha kabla sauti haijatoka. Kinachobaki ni ule uchafu wa chini ambao sikio huupokea kama unene. Ndiyo maana filta ya Moog ikilishwa wimbi dogo husikika ya kawaida tu, hata ya kuchosha. Anayenunua moduli ya aina hii kisha akailisha sauti ndogo kwa kuogopa kukwaruza amelipia kitu asichokitumia.

Jambo la pili, filta kujisikiliza yenyewe, ni rezonansi. Hapa sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa imegeuzwa, na masafa yaliyo karibu na mpaka hujazwa nguvu. Katika ngazi ya Moog, kiasi kinachorudi kikifika mara nne, filta huanza kuimba yenyewe bila kulishwa chochote. Lakini kuna gharama: besi hupungua hadi moja ya tano ya ukubwa wake, desibeli 14 nzima. Watu hulalamika kwamba filta imeishiwa pumzi, kumbe inafuata hesabu. Filta yenye sifa ya unene kuliko zote ndiyo inayoutupa unene wake pale nobu ya rezonansi inapofika mwisho. Mpigaji mzoefu huongeza sauti inayoingia kadiri anavyoongeza rezonansi, na mabishano mengi kuhusu moduli hii na ile ni mabishano kuhusu jambo hilo moja.

Kampuni ya EMS ya London ilitumia dayodi badala ya transista katika VCS3 ya mwaka 1969. Katika ngazi ya dayodi hatua haziko huru. Kila moja huielemea jirani yake, hivyo kona ya filta huwa laini na rezonansi huja na sauti ya mpira unaovutwa. Ukoo huohuo ulitoa Roland TB-303 ya Japani, iliyoingia sokoni mwaka 1981 ili impigie besi mpiga gitaa aliye peke yake. Biashara haikwenda, mashine zikauzwa kwa bei ya chee, na vijana wa Chicago wakaziokota. Kundi la Phuture lilipotoa "Acid Tracks" mwaka 1987, noti zilikuwa chache mno. Wimbo ulikuwa ni filta inayozungushwa. Sijui mfano bora wa filta kuacha kuwa msaidizi na kushika nafasi ya mwimbaji.

Kuna koo mbili nyingine ambazo kwangu zina mvuto kuliko Moog. Ya kwanza ni Korg MS-20 ya mwaka 1978. Humo dayodi zimewekwa kwenye njia ya kurudishia sauti, kwa hiyo rezonansi hukabwa pale inapotaka kukua. Lisha sauti kubwa, rezonansi inanyamaza. Sauti ikififia, rezonansi inapiga kelele katika nafasi iliyoachwa. Filta hubishana na kinachoingia, na kila noti inakuwa na mwanzo mzito na mkia unaolia. Ya pili ni EDP Wasp ya Uingereza, nayo ya mwaka 1978, iliyobuniwa na Chris Huggett. Ili kupunguza gharama, Huggett alichukua chipu za mantiki, zile zilizoundwa kutambua ndiyo na hapana tu, akazilazimisha kufanya kazi katikati, ambako zinatakiwa zisikae kamwe. Zinaitikia, lakini kwa kukwaruza. Ubahili wa vipuri ukawa sauti ambayo leo watengenezaji wa moduli huiiga kwa makusudi.

Tofauti na hizo, filta ya SEM ya Tom Oberheim, ya mwaka 1974, hukata desibeli 12 tu kwa oktava, hutoa besi, katikati na trebo kutoka kwenye saketi moja, na haipotezi besi rezonansi ikiongezwa. Wengi huiona ya adabu mno. Nitairudia, kwa sababu ninaamini haijapewa haki yake kwetu.

Jambo la tatu ni mwendo. Don Buchla wa California, aliyefanya kazi zake wakati mmoja na Moog bila kumfuata, alitumia mwanga. Ndani ya moduli yake namba 292 taa ndogo huangazia kipande kinachobadili ukinzani kikimulikwa. Taa ikiwaka, filta hufunguka mara moja. Ikizimika, kipande hicho huchelewa kurudi, hivyo sauti hufunga polepole, na ukali wake na ukubwa wake hushuka pamoja. Sikiliza ngozi ya ngoma iliyopigwa: mitetemo ya juu hufa kwanza, wa chini hukawia. Ni mwendo uleule. Mpigaji akiipa moduli ya Buchla mshtuo mfupi wa umeme, hupata sauti ya ngozi au ya gogo, hata kama wimbi lililoingia ni la osileta kavu. Mtu aliyekulia kwenye mdumange wa Wasambaa hahitaji kuelezwa kwa nini sauti hiyo inaaminika.

Tarumbeta nayo ina mwendo wake. Makanisa ya Kilutheri ya Usambara, ambayo mizizi yake ni misheni ya Kijerumani iliyofungua kituo Mlalo mwaka 1891, yanajua vizuri sauti ya shaba asubuhi ya Jumapili. Miaka ya 1960 Mfaransa Jean-Claude Risset, akiwa katika maabara za Bell nchini Marekani, alichambua tarumbeta kwa kompyuta na kuonyesha kwamba hamoniki za juu huongezeka kadiri pumzi inavyoongezeka. Ukali hufuata nguvu. Kwa hiyo filta ikifunguliwa sambamba na ukubwa wa sauti, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, wimbi la msumeno hugeuka shaba. Ukifungua amplifaya peke yake na kuacha filta imetulia, unapata honi. Maelfu ya sauti za "brass" kwenye vinanda vya dukani zimesimama juu ya ugunduzi huo, na zile mbaya ni mbaya kwa sababu aliyezitengeneza hakusikiliza mwanzo wa noti.

Sasa tuje kwa Waafrika Mashariki wenyewe. Kampala yuko Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack. Sinthesaiza za moduli zilipomshinda bei, alijifunza kuzijenga mwenyewe kwa michoro iliyo wazi kwa umma na vipuri alivyoweza kupata mjini, akatoa albamu ya "The Afrorack" mwaka 2022 kupitia lebo ya Hakuna Kulala. Huzungumziwa sana kama mtu wa kwanza wa Afrika kujenga sinthesaiza ya moduli nyumbani, na sifa hiyo anastahili. Kwangu uzito zaidi uko kwenye kipuri. Anayejenga kwa alichonacho hachagui tabia ya filta kwenye orodha ya bei. Huipokea filta kama mtoto alivyozaliwa, kisha huilea. Huggett alifanya hivyohivyo kwa sababu ya gharama, na jina lake limebaki kwa kazi hiyo.

Kampala hiyohiyo ilizaa Nihiloxica, kundi linalounganisha ngoma za Buganda na sinthesaiza, lililotoa albamu ya "Kaloli" mwaka 2020. Muziki wa namna hiyo huibua tatizo ambalo vitabu vya sinthesaiza vya Ulaya havilishughulikii. Humo hudhaniwa kwamba besi ni nafasi tupu inayongoja kujazwa, hivyo filta nene ni neema. Penye ngoma nne au tano, nafasi ya chini ina wenyewe. Filta ya desibeli 24 ikifungwa huangukia palepale ngoma kubwa inapoishi, na zote mbili hupoteza sura. Hapo ndipo SEM, au filta yoyote inayotoa ukanda wa katikati, inapofaa: huiacha ngoma ardhini, nayo huzungumza juu yake, mahali ambapo sauti ya binadamu hutofautisha a na i. Ningemshauri mtayarishaji anayetaka kuweka sinthesaiza juu ya ngoma za Tanga aanze na ukanda wa katikati, na besi aiguse mwisho, kama ataigusa.

Kuna hoja nyingine ya kwetu, nayo ni ya kukwaruza. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ile aliyoipeleka duniani Hukwe Zawose, huwa na utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu ili noti iambatane na mvumo. Endongo ya Buganda hupangwa nyuzi zake karibu na ngozi ya kenge ili zigongane nayo na kuvuma. Mafundi wa vyombo hivyo walitafuta sauti safi ifuatwe na chafu, wakaijua dozi. Utando ule hauvumi noti ikiguswa kidogo. Huvuma noti inapozidi kiasi fulani, sawasawa na dayodi za MS-20. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba kukwaruza kwa analogi ni ladha ya kigeni iliyoletwa na roki. Sikio la Dodoma lilikuwa limeshafundishwa kuipenda kazi hiyo kabla Moog hajazaliwa.

Mtae ina somo la pekee kwa mashine hizi, nalo ni baridi. Volteji inayoongoza filta hugeuzwa na transista ili kila volti moja ipandishe mpaka oktava moja, na ugeuzaji huo huyumba kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tuseme filta imerekebishwa alfajiri ukungu ukiwa mlangoni, ikapigwa saa nane mchana joto likiwa limepanda nyuzi 10. Umbali wa oktava tano utakuwa umepungua kwa asilimia 3 na ushei, karibu nusutoni mbili. Filta inayochuja tu haidhuriki na hilo, hakuna atakayejua. Filta iliyoachwa iimbe yenyewe kwa rezonansi, ikitumika kama osileta mbele ya kwaya, itaaibisha. Dawa ni rezista inayobadilika na joto, igandishwe juu ya jozi ya transista za ugeuzaji, pamoja na kuiacha mashine ikiwa imewashwa nusu saa kabla ya kupimwa.

Kompyuta nayo imefika mbali. Tatizo la zamani la programu za kuiga ngazi ya Moog lilikuwa ile njia ya kurudisha sauti: kompyuta huhesabu hatua kwa hatua, hivyo sauti hurudi ikiwa imechelewa, na rezonansi huyumba. Mfini Antti Huovilainen alionyesha mwaka 2004 namna ya kuingiza kuviringika kwa kila hatua ndani ya hesabu, na waliofuata wakalimaliza tatizo la ucheleweshaji. VCV Rack, programu ya bure iliyotoka mwaka 2017, humpa kijana mwenye kompyuta ya kawaida moduli nyingi kuliko studio tajiri ya mwaka 1975. Anayetaka kujifunza kusikia tofauti nilizozieleza aanzie huko, tena bila kuona haya. Ninachokipinga ni kuishia huko, kwa sababu filta ya programu ikilemewa hulemewa jinsi mwandishi wake alivyoamua, ilhali ile ya mkono ina transista ambazo hakuna aliyezipanga zifanane.

Na fundi redio wa Lushoto au Lukozi hayuko mbali na kazi hii. Karibu kila redio ya zamani anayoifungua ina vikopo vya bati vyenye koili zilizowekwa kwenye kilohezi 455. Hizo ni filta zenye rezonansi, kazi yake kutenganisha stesheni na stesheni. Transista za C945 na C1815 zilizojaa kwenye mabaki ya redio hizo zinafaa kwa ngazi ya Moog, mradi zipimwe kwa mita na kupangwa jozi zinazokaribiana, zote zikiwa na joto moja. Kuishika transista kwa vidole tu kunatosha kuharibu kipimo. Umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi hupatikana kwa betri mbili za pikipiki zilizoungwa mfululizo, katikati pakiwa sifuri, na kila upande ukiwa na fyuzi yake. Kwa kazi ya kwanza nisingechagua ngazi. Ningejenga ile ya ukoo wa MS-20, kwa kuwa vipuri vyake ni vichache na haidai transista nyingi zinazofanana, kisha ningeweka soketi mahali pa dayodi za kurudishia sauti. Dayodi za silikoni huanza kukaba kwenye volti 0.6 hivi, za jemaniamu kwenye 0.3, na taa nyekundu za LED kwenye 1.7 au karibu na hapo. Kuzibadilisha huchukua dakika moja, na filta iliyobaki haiguswi.